Ibn Sina: Tabibu aliyeuliza kwa nini kondoo humkimbia mbwa mwitu

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyewajaalia wanadamu kusikia, kuona na kufahamu, kisha akawataka waizingatie neema hiyo ndani ya nafsi zao. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, katika safu yetu ya leo tumekusudia kuwasimulia habari za Abu Ali Husein bin Abdallah bin Sina, tabibu na mwanafalsafa ambaye Waislamu walimpa lakabu ya Sheikh Rais, na watu wa Ulaya wakamwita Avicenna. Wengi wetu tukitajiwa jina la Ibn Sina hukumbuka dawa za mitishamba tu. Ni wachache wanaojua kwamba mtu huyu alijishughulisha sana na swali moja gumu: yale tunayoyaona kwa macho hugeukaje kuwa hofu, furaha au hasira, na hofu hiyo nayo hugeukaje kuwa miguu inayokimbia?

Swali hili si la wanafalsafa peke yao, bali ni la kila nyumba. Mtoto anapoanguka kwa kifafa mbele ya wageni, au mama aliyekuwa mchangamfu anapojifungia chumbani wiki baada ya wiki, hali wala hasemi na mtu, jamaa hukusanyika na kuulizana ana nini. Mara nyingi jibu hutangulia uchunguzi: ana mashetani, au amefanyiwa jambo. Mgonjwa hufichwa chumba cha uani, aibu ikawa kubwa kuliko ugonjwa, na hospitali ikawa ndio mlango wa mwisho kubishwa. Ibn Sina alikutana na kauli kama hizo miaka elfu moja iliyopita, na jibu alilolitoa linafaa kusikika tena.

Mtoto wa Bukhara

Ibn Sina alizaliwa mwaka 370 Hijria, sawa na mwaka 980 Miladia, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake, Abdallah, alikuwa mtu wa Balkh aliyehamia huko na kupewa kazi ya kusimamia eneo la mashamba chini ya utawala wa wafalme wa Kisamani. Mama yake aliitwa Sitara. Baadaye familia ilihamia mjini Bukhara, kijana akapelekwa kwa mwalimu wa Qur'ani na mwalimu wa lugha, na alipofikia umri wa miaka 10 alikuwa amekwisha kuihifadhi Qur'ani yote. Hesabu za Kihindi alijifunza kwa muuza mboga, fiqhi aliisoma kwa Sheikh Ismail Zahid, na mantiki akaisoma kwa mwalimu aliyeitwa Natili, ambaye haukupita muda mrefu akatambua kwamba mwanafunzi wake amempita.

Elimu ya tiba aliisoma mwenyewe vitabuni na kwa kuwahudumia wagonjwa, na alipofikisha miaka 16 matabibu wakubwa kuliko yeye walikuwa wakija kusoma kwake. Kila alipokwama katika mas-ala, alikwenda msikitini akaswali na kumwomba Mola wake amfungulie. Kitabu cha Aristotle juu ya asili ya vitu vyote alikisoma mara 40 mpaka akakihifadhi, lakini hakukielewa. Siku moja, sokoni kwa wauza vitabu, dalali alimshikilia anunue kitabu kidogo cha Farabi kwa dirhamu tatu. Alikinunua shingo upande, akakisoma usiku ule ule, na kila lililomtatiza likamfungukia. Kesho yake alitoa sadaka nyingi kwa maskini kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Alipokuwa na umri wa miaka 17 hivi, mfalme Nuh bin Mansur aliugua maradhi yaliyowashinda matabibu wa ikulu. Kijana aliitwa akashiriki kumtibu, mfalme akapona, na ujira alioutaka Ibn Sina ulikuwa ruhusa ya kuingia katika maktaba ya ikulu. Ilikuwa nyumba ya vyumba vingi, kila chumba kikiwa na makasha ya vitabu vya fani moja. Alisoma humo kwa pupa, na alipofikisha miaka 18 alijiona amekwisha kuzipitia elimu zote za zama zake.

Lakini raha hiyo haikudumu. Baba yake alifariki, na utawala wa Wasamani ukaanguka mwaka 999. Ibn Sina aliondoka Bukhara na hakupata tena makazi ya kudumu kwa muda mrefu. Alikwenda Gurganj katika nchi ya Khwarazm, huko akavaa mavazi ya mafakihi na kupata posho kutoka kwa amiri. Kisha akapita mji baada ya mji mpaka Gurgan, karibu na bahari ya Kaspi. Huko ndiko alikokutana na Abu Ubayd Juzjani, mwanafunzi aliyefuatana naye kwa miaka takriban 25 na kutuandikia habari zake.

Kitabu cha Kanuni

Akiwa Gurgan alianza kuandika kitabu chake kikubwa cha tiba, Al-Qanun, kilichogawika katika vitabu vitano. Humo alipanga elimu ya Wagiriki waliomtangulia, hasa ya Galen, akaongeza uzoefu wa matabibu wa Kiislamu na wake mwenyewe. Kuhusu ubongo alieleza kwamba kutoka humo hutoka jozi saba za mishipa ya fahamu, na kwamba kutoka kwenye uti wa mgongo hutoka mingine mingi. Aliona kwamba mishipa ya hisi ni laini, kwa kuwa kinachohisi sharti kipokee alama, na kwamba mishipa ya harakati ni migumu zaidi, kwa kuwa kinachovuta sharti kiwe imara. Leo madaktari huhesabu jozi 12 za mishipa ya fahamu ya kichwani. Pamoja na hayo, kule kutenganisha njia ya kuhisi na njia ya kutenda, ambako Ibn Sina alikurithi na kukupanga vizuri, kumebaki kuwa msingi wa elimu hiyo.

Katika kitabu hicho hicho alieleza namna hisia za moyoni zinavyougusa mwili. Matabibu wa zamani waliamini kwamba mvuke mwembamba utokanao na damu hutembea mwilini ukibeba uhai na nguvu, wakauita roho. Na si ile roho ambayo Qur'ani imetufundisha kwamba elimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Kwa mujibu wa Ibn Sina, mtu anapoghadhibika mvuke huo hukimbilia nje kwa ghafla, naye akawa mwekundu na mwenye joto. Anapofurahi hutoka nje polepole. Anapoogopa hukimbilia ndani kwa ghafla, ngozi ikapauka na mikono ikawa baridi. Anapohuzunika hurudi ndani kidogo kidogo. Katika haya, mvuke huvutwa ndani kisha ukarejea nje, na ndiyo maana mtu hupauka kisha akaiva uso. Leo hatuamini mvuke huo. Tunajua kwamba ubongo hutuma amri kwa mishipa ya fahamu na kwa homoni, mishipa ya damu ikapanuka au kubana. Hata hivyo, alama alizoziandika kila mtu anazijua, na alizifikia kwa kumtazama mgonjwa usoni na kumshika mkono.

Kushika mkono kulikuwa na hikma yake. Katika mlango wa maradhi ya kichwa, Ibn Sina aliandika juu ya kijana anayekonda kwa mapenzi anayoyaficha. Alielekeza kwamba tabibu aweke vidole kwenye mshipa wa mgonjwa, kisha yatajwe majina ya watu, mitaa na kazi, moja baada ya jingine. Jina litakalobadilisha mapigo ya mshipa, tena na tena, ndilo la huyo aliyefichwa moyoni. Ulimi huweza kukana, lakini mshipa hauna hila. Kisha akaeleza kwamba tiba bora, ikiwa sharia inaruhusu, ni kuwaoza.

Watoto nao hakuwasahau. Alishauri kwamba mtoto mchanga abembelezwe kwa kutikiswa taratibu na kuimbiwa, kwani kutikiswa kunaunufaisha mwili wake na sauti nzuri inainufaisha nafsi yake. Mtoto akikua, alihimiza alindwe na ghadhabu kali, hofu kali na huzuni ya muda mrefu, kwa kuwa tabia ya mwili hufuata hali ya nafsi. Kwa hiyo mlezi anayeilinda nafsi ya mtoto huwa ameulinda mwili wake pia. Wazazi wanaomtisha mtoto kila usiku ili alale, na wazingatie hayo.

Jibu lake juu ya majini

Kutoka Gurgan alikwenda Rayy, mji uliokuwa karibu na ilipo Tehran ya leo. Huko alimtibu amiri kijana, Majd al-Dawla, ambaye mamlaka yake yalikuwa mikononi mwa mama yake mjane. Ugonjwa wake uliitwa malikhulia, yaani huzuni na wasiwasi mzito usio na sababu ya wazi, ambao matabibu wa wakati ule waliuhusisha na kuzidi kwa nyongo nyeusi mwilini.

Katika mlango wa malikhulia ndimo lilimo jibu tulilolitaja mwanzo. Ibn Sina alieleza kwamba wapo matabibu wanaosema ugonjwa huo huweza kuletwa na majini. Hakuwakejeli, wala hakuingia katika ubishi wa kuwapo au kutokuwapo kwa majini. Alisema tu kwamba mwenye kusoma tiba halimhusu jambo hilo, kwa sababu hata kama ni jini, basi humdhuru mtu kwa kuigeuza tabia ya mwili wake kuelekea kwenye nyongo nyeusi. Hiyo nyongo ndiyo sababu ya karibu, na ndiyo inayotibiwa. Baada ya hapo akaendelea na kazi yake: dalili, chakula, usingizi na dawa.

Tunaomba wasomaji wetu waitafakari hekima hiyo. Waislamu tunaamini kuwepo kwa majini, kwa kuwa Qur'ani imethibitisha. Imani hiyo haimzuii mtu kumpeleka mgonjwa wake hospitali, kama vile kuamini kwamba riziki hutoka kwa Mwenyezi Mungu kusivyomzuia mkulima kushika jembe. Ibn Sina aliufunga mlango wa udhuru: chanzo cha mbali kiwe ni nini, mwili ulio mbele yako ni mgonjwa, nao una haki ya kutibiwa. Kifafa nacho alikiweka miongoni mwa maradhi ya kichwa, kwa kuwa ni ugonjwa wa ubongo. Leo inajulikana kwamba kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila ya kuanguka iwapo watapimwa na kupewa dawa ipasavyo.

Kondoo na mbwa mwitu

Kutoka Rayy alifika Hamadan, akamtibu amiri Shams al-Dawla msokoto mkali wa tumbo, na amiri akamfanya waziri. Uwaziri ulimletea balaa. Askari waliasi, wakaizingira nyumba yake, wakaipora na kumtaka amiri amuue. Amiri alikataa lakini akamwondoa kazini, na Ibn Sina akajificha kwa rafiki yake siku 40, mpaka maradhi ya amiri yaliporudi. Hapo akatafutwa, akaombwa radhi na kurejeshwa katika uwaziri. Mchana alikuwa katika kazi za dola, na usiku wanafunzi walikusanyika nyumbani kwake, huyu akisoma sehemu ya Kanuni na yule akisoma sehemu ya kitabu chake kingine kikubwa, Ash-Shifa.

Amiri alipofariki mwaka 1021, Ibn Sina alikataa kuendelea na kazi akajificha nyumbani kwa muuza dawa aliyeitwa Abu Ghalib. Juzjani anasimulia kwamba alitaka karatasi na wino, akaorodhesha vichwa vya mas-ala bila ya kitabu cha kurejelea, kisha akawa anaandika kurasa 50 kila siku. Kwa njia hiyo aliimaliza elimu ya maumbile katika Ash-Shifa, isipokuwa vitabu vya mimea na wanyama. Katika elimu hiyo kimo kitabu cha Nafsi, na humo ndimo alimokamilisha jibu la swali lake.

Alianza na jambo jepesi. Tone la mvua likianguka, sisi huona mstari. Na kitu kinachozungushwa kwa kasi huonekana duara. Lakini jicho halioni ila mahali tone lilipo sasa. Basi lazima iwepo ndani nguvu inayoiunganisha picha iliyopita na picha iliyopo. Aliiita hisi ya pamoja, nayo ndiyo inayokusanya yote yanayoletwa na macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, akaiweka mbele ya ubongo. Nguvu ya pili ni hazina ya sura, inayohifadhi picha baada ya kitu kuondoka. Kwani kupokea si kuhifadhi, na maji huipokea alama lakini hayaishiki. Ya tatu, katikati ya ubongo, ni nguvu ya kuunganisha na kutenganisha picha, ambayo kwa mwanadamu, ikiongozwa na akili, huitwa fikra.

Ya nne ndiyo iliyomtambulisha Ibn Sina kuliko zote. Kondoo anapomwona mbwa mwitu, macho yake humletea rangi, umbo na mwendo. Uadui hauna rangi wala umbo, wala hauonekani kwa jicho. Hata hivyo kondoo huutambua papo hapo akakimbia, na huyo huyo humwona mwanawe akamhurumia. Ibn Sina akasema iko nguvu inayosoma maana ndani ya kile kinachoonekana, nayo akaiita wahm. Nyingine ya maana hizo huzaliwa nayo mnyama, na nyingine hujifunza. Mbwa aliyepigwa kwa fimbo huiogopa fimbo hata ikiwa imelala chini. Mtu naye huweza kuikinai asali kwa sababu tu rangi yake imemkumbusha nyongo. Nguvu ya tano, nyuma ya ubongo, ni hifadhi ya maana hizo, ili kilichotisha jana kitambulike leo.

Baada ya kutambua huja kutenda. Maana ya hatari ikishapatikana, huamka nguvu ya shauku, yenye matawi mawili: la kutamani linalovuta kinachofaa, na la kughadhibika linalosukuma kinachodhuru. Shauku ikikaza, nguvu iliyomo ndani ya mishipa ya fahamu na misuli hukaza kano au kuzilegeza, na mguu ukaenda. Kwa hiyo kutoka jicho la kondoo mpaka kwato zake ipo njia iliyopangwa, kituo baada ya kituo. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuona ugeni katika elimu hii, kwani maneno yake yamo vinywani mwetu kila siku: hisi, fikra, hifadhi, nafsi, shauku, ghadhabu na harakati yametoka katika Kiarabu kile kile alichokiandikia Ibn Sina.

Alionyesha pia kwamba njia hiyo huweza kumhadaa mtu. Ubao ukilazwa chini, kila mtu hutembea juu yake bila ya wasiwasi. Ubao ule ule ukitandikwa juu ya korongo, miguu hutetemeka, kwa kuwa picha ya kuanguka imeishika nafsi na viungo vikaitii picha hiyo. Kwa sababu hiyo aliamini kwamba mgonjwa mwenye yakini ya kupona husaidika, na mzima anayejidhania mgonjwa huweza kuugua. Tabibu anayemvunja moyo mgonjwa wake, au jirani anayekwenda kumtazama na kumsimulia habari za waliokufa kwa ugonjwa kama wake, humpandisha mgonjwa juu ya ubao wa korongo.

Kifungo, safari na mauti

Alipokuwa mafichoni ilibainika kwamba ameandikiana barua na mtawala wa Isfahan, akakamatwa na kufungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan. Hata humo kalamu haikusimama. Baada ya kutoka alitoroka kwenda Isfahan akiwa amevaa nguo za masufi, pamoja na ndugu yake, Juzjani na watumwa wawili. Amiri Ala al-Dawla alimpokea kwa heshima, na huko akaishi miaka ya utulivu iliyobaki, ijapokuwa mwaka 1030 majeshi ya Ghazna yaliushambulia mji na baadhi ya maandishi yake yakapotea.

Adabu ya kusimulia wasifu inatutaka tuseme kweli. Juzjani, aliyempenda mwalimu wake, hakuficha kwamba katika vikao vyake vya usiku, baada ya darsa, kulikuwa na waimbaji na kinywaji kilichoharamishwa, wala kwamba alizidisha katika matamanio ya mwili hata afya yake ikadhoofika. Mtu aliyeichambua shauku kituo kwa kituo hakuweza daima kuizuia ndani ya nafsi yake. Tunayataja hayo si kwa kumvunjia heshima, bali ili ijulikane kwamba kuijua nafsi ni jambo moja na kuitawala ni jambo jingine, na la pili halipatikani vitabuni pekee.

Akiwa katika msafara wa amiri alishikwa na msokoto wa tumbo, ugonjwa ule ule aliokuwa akiwatibu wengine. Kwa haraka ya kupona alijitibu mara nyingi kwa siku moja mpaka utumbo ukapata vidonda. Watumishi wake nao walikosea vipimo vya dawa, na inasimuliwa kwamba mmoja alimzidishia afyuni kwa makusudi. Alipotambua kwamba mwili umeshindwa kujiendesha aliacha kujitibu. Imepokewa kwamba alitubu, akatoa sadaka, akarudisha haki za watu, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anaikhitimu Qur'ani kila baada ya siku tatu. Alifariki Hamadan katika mwezi wa Ramadhani mwaka 428 Hijria, sawa na mwaka 1037, akiwa na umri wa miaka 57 hivi. Kaburi lake liko huko hadi leo.

Yaliyosimama na yaliyoanguka

Baada yake, wanazuoni wa Kiislamu hawakumchukua kama mtu asiyekosea. Imam Ghazali alimpinga vikali katika mas-ala ya falsafa yanayogusa itikadi, ikiwemo kufufuliwa kwa miili, na msomaji anapaswa kulijua hilo. Lakini Imam huyo huyo alizitumia nguvu za ndani za nafsi alizozipanga Ibn Sina, kwa kuwa hakuona humo jambo la kupingana na dini. Naye Ibn Nafis, tabibu wa Damascus na Cairo aliyefariki mwaka 1288, alipoifafanua Kanuni aliisahihisha juu ya njia ya damu kati ya moyo na mapafu. Kanuni yenyewe ilitafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, ikasomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya mpaka karne ya 17.

Elimu ya leo imeonyesha kwamba Ibn Sina alikosea mahali pa nguvu hizo. Yeye, kama waliomtangulia, aliziweka katika vyumba vilivyomo ndani ya ubongo, kumbe vyumba hivyo vina maji yanayoukinga ubongo, na kazi hufanywa na nyama yenyewe ya ubongo kwa umeme na kemikali. Mwaka 1870 watafiti wawili wa Berlin waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme, viungo vyake vikatikisika, na hapo ikajulikana kwamba liko eneo la juu ya ubongo linaloamuru harakati. Mwaka 1953 mgonjwa mmoja huko Marekani alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, akaondolewa sehemu iitwayo hipokampasi pande zote mbili, na tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya za maisha yake. Ilithibitika pia kwamba kiini kidogo chenye umbo la lozi, kiitwacho amigdala, kina sehemu kubwa katika kuitambua hatari na kujifunza kuogopa, mfano wa mbwa aliyeijua fimbo.

Mahali palibadilika, lakini swali lilibaki. Wanaojenga leo mifano ya ubongo kwa hisabati na kompyuta bado wanauliza jinsi picha zinavyounganishwa, jinsi maana ya hatari inavyopatikana katika umbo na rangi, na jinsi maana hiyo inavyofika kwenye misuli. Ndiyo njia ile ile ya kondoo, iliyoandikwa na mtu aliyejificha nyumbani kwa muuza dawa.

Ndugu wasomaji, tumemsimulia Ibn Sina kwa sababu ya chumba cha uani tulichokitaja mwanzo. Tuwaombee dua wagonjwa wetu, kwani dua ni ibada, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Kisha tuufungue mlango wa chumba kile, tumshike mgonjwa mkono, tumsikilize, na tumpeleke kwa daktari bila ya kuona haya. Ubongo ni kiungo, nacho huugua kama vinavyougua viungo vingine. Mwenye kuficha ugonjwa wa mwanawe kwa kuchelea maneno ya watu anatembea juu ya ubao uliolazwa chini huku akitetemeka kana kwamba uko juu ya korongo.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn Sina, amsamehe aliyoteleza, na awaponye wagonjwa wetu walio majumbani na mahospitalini. Amin. Wabillahi tawfiq.